Isale la kwenye simu

Leo kaka yangu amemfuta mama.

Sitanii. Mama tulimzika mwaka jana kule Kibosho. Video zake zote, akikoroga mtori wake wa ndizi huku anatusema, nilizihifadhi mtandaoni ili zisipotee hata simu ikiharibika. Simu yangu ya zamani nikampa kaka, na akaunti yangu nikaiacha humo ili naye awe anamwona.

Mchana nafungua, hakuna kitu.

Nikazima simu, nikawasha. Nikabadilisha laini. Nikatoka kwenye akaunti, nikaingia tena. Kapu la vilivyofutwa nalo tupu.

Nikampigia.

"Simu ilijaa, mdogo wangu. Nimefuta za humu kwangu tu. Zako si ziko mtandaoni?"

Kaka, akaunti ni moja! Ukifuta huko, na huku zinafutika.

"Na kwenye kapu?" nikamuuliza.

"Nako nimesafisha."

Hata pole hakusema. Baadaye ikaingia meseji: picha ya jani la isale.

Kwa wasio Wachagga: mtu akikuletea jani hilo kuomba msamaha, hukatai. Ila analileta mwenyewe, mkononi, anasimama mlangoni kwako. Yeye yuko Pasua, mimi Njoro, mji huu huu mmoja. Hata bodaboda imemshinda!

Wazee wangu humu, isale la kwenye simu linakubalika?

Nauliza kwa sababu simu yangu huhifadhi mtandaoni kila picha inayoingia. Nimefungua akaunti sasa hivi.

Imo picha moja tu.

Jani.