Majina Mawili kwa Pumzi Moja

Enzi zetu kule Mgeta, jina la mtoto mchanga lilijaribiwa kwa kupigiwa kelele. Nyie mliokulia milimani mnanielewa. Nyumba iko upande huu, shamba la njegere liko upande ule, na katikati kuna bonde ambalo ukilishuka na kulipanda, chakula kimeshapoa. Basi hakuna mzazi aliyejisumbua kumfuata mtoto. Mtu alisimama ukingoni mwa shamba, akaweka viganja mdomoni, akaita. Na kwa kuwa hatukuwa tunatembea mmoja mmoja, tuliitwa pamoja na wadogo zetu kwa mpigo, majina yakifuatana.

Wakati huo sisi tuko kwenye kuteleza na magome ya mgomba, gauni limechanika nyuma, magoti yana udongo mwekundu, na baridi ile ya ukungu hatuisikii kabisa. Ukiitwa, unaitika hapohapo. Ukichelewa kuitika, utakuta magimbi yamebaki maganda, na fimbo inakusubiri mlangoni.

Fundi wa majina kwetu alikuwa Bibi, mama yake mama. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo Bibi akisema neno, baba zetu walikohoa tu. Alishikilia kwamba jina la mdogo lisiwe zito kuliko la mkubwa wake, wala lisijifiche nyuma yake. Yafuatane kama watu wanaopokezana mzigo kwenye mlima. Kabla ya jina kukubaliwa, alivuka bonde mwenyewe, akaenda kusimama shambani kwake, akaliita pamoja na la mkubwa. Huku nyumbani mama mwenye mtoto alitakiwa asimame mlangoni aitike kwa niaba ya watoto wake. Akiitika, jina limekaa. Asipoitika, hakuna jina.

Mimi ni Mwanahawa, wa kwanza kwa mama. Baada yangu walikuja wawili, na wote waliondoka kabla kitovu hakijadondoka, kwa hiyo hawakupata kutolewa nje wala kuitwa. Watu wazima walisema "walipita tu," wakaendelea na palizi. Mama naye aliendelea na palizi, ila aliacha kuimba.

Wa nne akazaliwa katikati ya kipupwe. Alikuwa mdogo jamani! Alilia kama paka aliyefungiwa stoo. Mama alimfunika kanga juu ya kanga, akamweka kifuani karibu na moto, na wala hakumwita "mwanangu." Alimwita "huyu." Lete maji ya huyu. Sogeza kuni, huyu anatetemeka. Mimi nilikuwa na akili za kutosha kujua kwamba mama anaogopa kumzoea.

Kitovu kikadondoka. Baba, aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa huko chini tambarare, alikuja na jina lake: Abdulrahmani. Bibi akamtazama kwa huruma.

"Mkwe wangu, jina zuri sana hilo. Lakini nianze na Mwanahawa, nimalizie na hilo, si nitadondokea mtoni?"

Mama mdogo akashauri aitwe Majalala, kama wanavyofanya watu waliofiwa na watoto, ili kifo kimdharau kipite. Hapo Bibi hakucheka.

"Mimi siendi kuuitia mlima takataka. Ataitwa Shomari."

"Mama, tungoje kidogo," mama akasema. "Huyu bado hajanona."

"Wenzake uliwangoja, mwanangu," Bibi akamjibu taratibu, akachukua fimbo yake akaondoka.

Tulibaki mama na mimi na mtoto. Mama alikaa kwenye kigoda, ameupa mgongo mlango. Mimi nilisimama kizingitini, nikawa namwona Bibi akishuka, akipotea kwenye migomba, akitokea upande wa pili amekuwa kidoa cha kaniki kwenye kijani cha shamba. Ukungu ulikuwa umepanda, bonde lote liko wazi.

Akaita.

"Mwanahawaaa! Shomariii!"

Nimeshasikia mambo mengi tangu siku hiyo, lakini sijasikia kitu kama kile. Jina langu lilikuja kwanza, pana, likajaza bonde, na pale lilipotaka kuzama la mdogo wangu likalipokea, jembamba, kali, likapanda nalo hadi juu kwenye msitu. Halafu mlima ukayarudisha yote mawili, hayajaachana. Nywele zilinisimama. Kiumbe hiki kisichojaa hata kwenye ungo kilikuwa kimetamkwa mbele ya Uluguru nzima, kando ya jina langu, kama vile tumeshateleza pamoja kwenye magome miaka mingi.

Mama kimya. Mdomo uliniwasha kuitika, kwani na mimi nimeitwa, lakini ile haikuwa kazi yangu. Bibi akaita tena. Mashambani kote watu walikuwa wamesimamisha majembe. Kila mmoja pale alizijua zile safari mbili za mama yangu za kuzika, na kila mmoja alikuwa anangoja. Nilimgeukia mama, nikamwona anamwangalia mtoto usoni, machozi yakimdondokea yule mtoto kwenye paji.

Ndipo akasimama. Akanipita pale mlangoni, akatoka na mtoto wake juani, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

"Abeee! Wapo! Wanangu wote wawili wapo!"

Sikujua kama mama ana sauti ile. Vigelegele vilianzia chini mtoni, vikadakwa upande wa Bibi, vikaja upande wetu, nami nikabaki nimeshika kanga ya mama, nimeduwaa, naona kama milima imesimama wima kutusikiliza.

Sasa binti yangu yuko Morogoro mjini, anatarajia mtoto wa pili. Wa kwanza ni Briana, kwa hiyo anatafuta kwenye simu jina la kufanana nalo: Adriana, Ariana, Tatiana, sijui na "ana" gani nyingine. Ananiambia lazima yapendeze yakiandikwa kwenye keki. Nimemwambia yatapendeza, na kweli ni mazuri, ingawa nikiyatamka yote kwa haraka nasikia kama natafuta meno yangu ya bandia. Hata kule Mgeta siku hizi watoto wanaitiwa chakula kwa simu, na bonde limekaa kimya kama limenuniwa.

Shomari ana upara na wajukuu, analima kabeji, na mwaka jana tulimzika mama pamoja. Nikienda kumsalimia, wazee waliobaki upande wa pili wakituona uani bado hutuita vilevile, la kwangu kisha la kwake. Tunatazamana kidogo, mimi na mdogo wangu. Kisha tunaitika wenyewe.