Miche Iliyobaki Saint Paul

Zamani kidogo, kabla hajawa muuguzi, Fiona Wanjala alisomea kilimo ng'ambo, chuoni Saint Paul. Kazi yake ya kando ilikuwa kutunza miche ya ngano katika maabara ya mwalimu wake, Stacy. Miche mingine ya mbegu hiyohiyo, iliyopandwa siku moja na hii, ilikuwa imerushwa angani katika chombo chenye wanaanga. Ya Fiona ilipewa mwanga, maji na joto sawasawa na ile ya juu, ili chombo kikirudi ilinganishwe. Stacy aliiita mapacha.

Fiona mwenyewe ni pacha. Kwao Bungoma alipewa jina la pacha wa kwanza, Mukhwana, na Susan, aliyezaliwa baada yake, akaitwa Mulongo. Susan alibaki nyumbani, akawa mwalimu wa shule ya msingi.

Walifuatilia safari hiyo kwenye televisheni ya maabara. Kwanza wanaanga waliachilia setilaiti ya mawasiliano. Ikatoka chomboni ikizunguka polepole, ikapungua hadi ikawa nukta. Kisha wakageukia majaribio. Mmoja alileta kijisanduku cha ngano mbele ya kamera. Kule ambako uzito hauhisiki, mizizi ilikuwa imetawanyika kila upande, kama iliyokosa pa kwenda.

Asubuhi moja, chombo kikiwa bado angani, Fiona alifungua kabati la miche akakuta mzizi wa mche mmoja umepinda, umetoka udongoni na kuelekea juu. Mingine yote ilikuwa sawa. Stacy alikagua taa, feni na kipimajoto, hakuona kasoro. Alisema mambo hayo hutokea, wauondoe tu kwenye hesabu. Alipotoka, Fiona alihisi mtu amesimama nyuma yake, karibu hata akasikia pumzi. Hakugeuka.

Chombo kilipotua salama, maabara nzima ilishangilia. Mchana huohuo baba yake alipiga simu. Susan alikuwa amefariki kwa malaria na walikuwa wameshamzika. Hawakutaka kumkatiza masomo. Fiona aliuliza ilikuwa siku gani. Ilikuwa siku ya ule mche.

Hakumwambia Stacy. Aliacha kilimo, akasomea uuguzi, akaolewa na Gitonga, wakahamia Brooklyn Park, mji usio mbali na Saint Paul. Lakini pumzi ile ilimfuata. Siku moja alikuwa akiendesha gari kwenda kazini, akaisikia karibu na sikio, na kioo kikamwonyesha kiti kitupu. Gitonga alimpeleka kwa mchungaji wao, akaombewa. Wiki chache zikapita kimya, kisha ikarudi.

Mwaka jana alifika Bungoma, mara ya kwanza tangu msiba. Walipokuwa wameketi karibu na kaburi, alimsimulia mama yake yote.

"Siku ile dada yako alikuwa akikutaja," mama alisema. "Alisema, 'Mukhwana amesimama mlangoni, ananipa mgongo. Mbona hageuki?' Tukadhani ni homa."

"Mkamjibu nini, mama?"

"Tulikuletea kiti, mwanangu. Tukakiweka pale mlangoni, ndipo akatulia."

Fiona alilia hadi mama akamfunika kwa leso yake.

Amesharudi kazini. Bado humsikia dada yake, hasa theluji inapoanguka na barabara kunyamaza. Gitonga amemuuliza kama anataka waende tena kwa mchungaji. Amekataa.