Chapo Uwanjani

Timu yetu ya hoki ilipopata mmiliki mpya, meneja wake alikuja kwetu Kaloleni na amri moja: uwanjani ni Kiswahili sanifu tu, kwa sababu wadhamini wanasikiliza. Atakayeongea Sheng atakaa benchi. Tulikuwa tukivuta mkia kwenye ligi, na tusiposhinda mechi ya Jumamosi, timu ingevunjwa.

Mimi nilikuwa beki. Jumamosi hiyo kipa wetu alijaribu kutii. “Ndugu zangu, upelekeni mpira upande wa…” Kabla hajamaliza, tulikuwa tumefungwa.

“Malizia hotuba, mheshimiwa!” shabiki mmoja akamtania.

Tulisawazisha, lakini sare isingetosha. Dakika za mwisho kipa akasahau amri. “Chapo!” Papo hapo tukaugeuzia mpira upande wa pili, kama chapati kikaangoni, tukafunga la ushindi.

Baada ya mechi meneja aliniita kando. “Chapo ni nini?” Nikamweleza. Akalirudia neno taratibu, kama anayeonja mchuzi.

Timu ilibaki, lakini kipa alianza mechi iliyofuata akiwa benchi. Nikipita pale uwanjani bado najiuliza meneja aliuliza ili ajifunze, au apate ushahidi.