Gari la Kinyozi

Mogire ananyoa watu sokoni Mosocho, katika chumba cha mabati kilichopakwa rangi ya samawati. Chini ya kioo ameweka soketi za stima, maana majirani humwachia simu zao azichaji. Wateja wakikosekana, yeye hucheza mchezo wa mbio za vigari kwenye simu yake, na pale sokoni hakuna anayemshinda.

Msimu huu mchezo ulileta gari la kinyozi. Kiti chake ni kiti cha kunyolea, boneti yake ni mashine ya kunyoa, na likikimbia linanguruma kama mashine yenyewe. Halinunuliwi, hutoka ndani ya masanduku ya zawadi, kwa bahati. Mogire alifungua masanduku tangu mwezi ulipoanza, akapata kofia, miwani na magurudumu.

Aliyelipata ni Millicent, mama yake Dancun, muuza dagaa wa omena wa mlango wa pili, mama kutoka upande wa ziwani ambaye Mogire mwenyewe alimfundisha mchezo huo siku mvua ilipowafungia ndani.

"Kinyozi, hebu ona," alisema asubuhi moja, akimsogezea simu. "Si hii ni kazi yako? Sasa mimi ndiye ninanyoa."

"Hongera, Mama Dancun," Mogire alijibu.

"Wanasema nishinde mbio moja nalo ndipo libaki langu. Nikishindwa, linafungwa. Nichajie, nitajaribu nikimaliza wateja."

Millicent akaenda zake. Mogire alianza kumnyoa Ochoki, fundi wa viatu, lakini macho yake yalirudi kila mara kwenye simu ile. Kwa nini huyu mama? Bado hugonga ukuta kila kona. Na yeye, aliyeshika mashine tangu alipotoka shule, abaki na kofia na miwani? Alipomaliza upande mmoja wa kichwa cha Ochoki, aliweka mashine chini.

Namba ya siri aliijua, ndiye aliyemwekea. Alikusudia jambo dogo tu: aingie mbioni, ashindwe, gari lifungwe. Millicent angedhani mchezo umelichukua wenyewe.

"Sasa hii nusu ya kichwa niipeleke wapi?" Ochoki aliuliza.

"Ngoja kidogo."

Mbio zilipoanza, Mogire alianza kuwaacha wapinzani wampite. Hata hivyo, kwenye kona ya kwanza gari lilijipinda kwa wepesi ambao gari lake halikuwahi kuwa nao, naye akameza mate. Kisha gari la kijani likamsukuma kando, na dereva wake akamtumia kikaragosi kinachocheka. Mogire hakuwa amezoea kuchekwa mbioni. Vidole vikaanza kufanya kazi viliyoizoea. Akampita wa kijani, akawapita waliosalia, na mstari wa mwisho akauvuka peke yake.

"Hongera, Millicent," simu ikaandika. "Gari hili sasa ni lako."

Ochoki alikuwa ameona yote kwenye kioo. "Kumbe unamsaidia jirani," alisema. "Mbona uso ni wa matanga?"

Millicent aliporudi na kuona gari limebaki, alimshika Mogire mkono kwa mikono yake miwili. "Umenishindia? Aki wewe ni mtu mzuri. Jioni nitakupimia omena."

"Ni sawa tu," alisema Mogire. Shukrani hizo zilimchoma kuliko dhihaka ya Ochoki.

Millicent aliketi kwenye kibao nje ya duka lake, akaanza mbio. Punde ukasikika mgongano, kisha kicheko chake.

"Shika kona polepole," Mogire aliita kutoka ndani. "Utaliharibu."

"Kwani ni lako?"

Mogire alimrudia Ochoki, akawasha mashine, akapitisha mara moja, halafu akaizima ili asikilize. Nje, mashine ya Millicent iliendelea kunguruma.