Kadi ya Mangi wa Mtaa wa Kongo

Mwaka wangu wa kwanza chuoni niliamini mambo mawili: kwamba nchi yetu itajitegemea, na kwamba mimi nikipata suruali nzuri nitaonekana mtu. La kwanza nililisema mbele za watu. La pili ndilo lililonipeleka Kariakoo.

Duka lilikuwa Mtaa wa Kongo. Mwenyewe alikuwa mtu mzima kutoka Kilimanjaro, na wateja tulimwita Mangi tu. Aliuza nguo, viatu, sabuni, madaftari na vikorokoro vingine. Siku ya kwanza nilifuata daftari. Akaona kitambulisho cha chuo kwenye mfuko wa shati langu, nilikokiweka makusudi kionekane.

"Mnapata posho ya serikali?" akaniuliza.

"Kila muhula, Mzee."

Akakata kipande cha boksi la sabuni, akaandika jina langu na kugonga muhuri wa duka. "Hii kadi yako. Ukichukua kitu tunaandika. Posho ikitoka, unalipa."

Nilitoka pale natembea kama mtu aliyeteuliwa kuwa waziri.

Mwanzoni nilichukua sabuni na mswaki. Kisha nikachukua bugaluu, suruali pana chini kiasi cha kufagia barabara. Bugaluu ikataka raizoni, vile viatu vya soli nene, na raizoni zikataka shati la maua. Wenzangu wakinisindikiza, niliwaagizia soda na biskuti wote. "Andika, Mangi," nilikuwa nikisema. Nililipenda neno hilo kuliko biskuti zenyewe.

Posho ilipotoka nilimpelekea shilingi ishirini, na papo hapo nikaondoka na mkanda wa shilingi ishirini na tano.

"Mwanachuo," akasema, "hapo umelipa au umekopa?"

"Nimelipa," nikajibu, na niliamini hivyo. Nilikuwa nasomea uchumi.

Siku zilezile nilichaguliwa kuzungumza kwenye mdahalo wa kujitegemea. Nilisimama juu ya zile raizoni nikaeleza ubaya wa kuishi kwa jasho la mwenzako. Nilipigiwa makofi mengi. Mwilini mwangu kitu pekee nilichokuwa nimekilipia kilikuwa soksi.

Muhula wa pili kadi ilijaa pande zote mbili. Nikaanza kuukwepa Mtaa wa Kongo. Nikitoka mjini kwenda Magomeni kwa shangazi yangu, dada yake baba, nikifika Mnazi Mmoja nilikata kona nikazunguka mbali, raizoni zikinichubua visigino.

Jumamosi moja shangazi alitaka khanga za harusi, akaniambia nimsindikize Kariakoo. Tulipita maduka kumi bila kusimama. Aliingia kwa Mangi.

"Shikamoo, Mzee," nikasema kwa sauti ya mgonjwa.

"Marahaba, mwanachuo. Umepotea."

Shangazi akageuka. "Kumbe mnajuana?"

"Mteja wangu huyu. Ana kadi."

Uso wa shangazi ukachangamka. "Una kadi hapa, na mimi nafungua senti kwenye pindo la khanga? Mangi, andika doti hizi mbili kwenye kadi ya mwanangu."

Mangi angeweza kuyamwaga yote. Alijikuna sikio. "Imejaa, mama. Sina pa kuandika."

"Si ukate nyingine?"

"Hilo muulize mwenyewe."

Nikamweleza habari za deni, palepale, nikitazama majora ya vitambaa ukutani. Shangazi akaomba kadi, akaisoma polepole kwa sauti. "Soda sita. Biskuti pakiti nne. Mkanda. Soda nane." Akanitazama. "Soda nane kanywa nani?"

"Wenzangu, shangazi."

"Kwao hakuna maji?"

Wateja wawili walicheka. Shangazi hakucheka. Alilipa khanga zake taslimu, na deni langu hakuligusa. Kabla hatujatoka alimwambia Mangi, "Posho ikitoka, huyu ataanzia hapa kabla hajaenda popote."

Nilianzia pale mihula miwili mfululizo. Sinema niliacha, soda nilikunywa nikialikwa. Raizoni nilimuuzia mwenzangu wa chumbani. Alizivaa, akajitazama, akasema atanilipa posho ikitoka. Sikuwa na uso wa kumkatalia. Alimaliza kunilipa sote tukiwa tumeshaajiriwa.

Siku nilipolipa shilingi ya mwisho, Mangi alikata kipande kingine cha boksi akanisogezea. Nikisimulia, watu hudhani nilikikataa. Nilikichukua, kwa sharti nililojiwekea: sabuni na madaftari tu, kila kitu nakiandika na mimi kwenye karatasi yangu, na posho ikitoka nalipa yote, sibakishi. Nililishika sharti hilo mpaka nilipomaliza chuo, isipokuwa mara moja nilipoona leso ya hariri.

"Hii nayo daftari?" Mangi aliuliza.

"Andika tu, Mzee," nikasema, kwa sauti ya chini.

Posho ilipotoka nililipa yote, leso ikiwemo, nikarudi chuoni kwa miguu na shilingi nne mfukoni, zangu mwenyewe.