Nyumba ya Vigololi

Watu wa Kihesa wakimtaja Anord hawahangaiki na jina la ukoo. Husema Anord wa niru, basi, na kila mtu anajua ni yule anayemalizia sakafu. Kumwaga zege ni kazi ya mabavu, mtu yeyote mwenye mgongo ataiweza. Kumalizia ni habari nyingine. Unanyunyiza niru, yaani simenti kavu, juu ya sakafu mbichi, unapiga magoti kwenye kipande cha ubao, unapitisha mwiko wa chuma ukirudi kinyumenyume, unapitisha tena, na ukizubaa nusu saa tu sakafu imekukatalia. Anord hakukataliwa. Kuna nyumba pale Kihesa ambamo kuku wakiingia hudonoana na vivuli vyao.

Lakini huyu bingwa wa kulainisha alikuwa na jambo lililomkwaruza roho kila siku. Binti yake wa miaka mitano, Veneranda, hakumwita baba. Alimwita fundi, kama wateja.

Kosa halikuwa la mtoto. Mama yake, Faustina, alifariki yeye akiwa hajatimiza mwaka, na Anord akamkabidhi kwa bibi yake, Paskalina, anayeuza nyanya kando ya barabara kule Ilula. Mwenyewe akaenda Mbeya kutafuta kazi. Aliaga kwa miezi sita, ikawa miaka minne. Matumizi alituma, hilo tusimnyime, lakini matumizi hayambebi mtoto mgongoni. Aliporudi na kupanga vyumba viwili Kihesa, bibi alimleta mtoto pamoja na sharti.

"Baba Vene, nakupa mwezi mmoja," alisema. "Jumapili ya mwisho nakuja, namuuliza mwenyewe. Akisema turudi Ilula, tunarudi, na wewe usinyanyue mdomo."

"Nimesikia, mama," Anord alijibu akitazama chini, maana mama mkwe habishiwi.

Wiki ya kwanza ilipita kwa "ndiyo, fundi" na "hapana, fundi". Kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia, alikwenda naye kazini, kwenye ua wa jirani yao Bi Saida, mwenye duka la vitambaa. Sakafu ya ua ilikuwa imeshamalizika, imefunikwa magunia na inanyweshwa maji siku saba isije ikapasuka. Siku ya tano Anord aliinua gunia moja, na chini yake vikatawanyika vidudu vya kijivu, vyenye magamba mgongoni na miguu isiyohesabika, vile vinavyokaa chini ya matofali yenye unyevu na ambavyo hakuna mtu anayejisumbua kuvipa jina. Akainua buti.

"Fundi, usikanyage!"

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza ambayo hakuyasema kwa kuulizwa. Vene alichuchumaa, akakigusa kimoja kwa ncha ya kidole. Kikajikunja kikawa duara.

"Kigololi!" alisema, akacheka hadi akakaa kitako kwenye maji. Anord naye akacheka, na siku hiyo hakufanya kazi nyingine ya maana.

Wakavichukua kumi na moja. Vilikaa ndani ya ndoo ya rangi iliyokatwa, juu ya majani yaliyooza na kipande cha gunia bichi. Kila asubuhi Vene alivihesabu na kuvipa maganda ya viazi, na Anord alishika tochi ya simu ammulikie. Walizungumza. Vinakunywaje maji? Vinalala saa ngapi? Anord hakujua hata jibu moja, lakini hakuwahi kuulizwa maswali matamu kama hayo.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Jumatatu ya wiki ya mwisho, Vene alisema ndoo ile inanuka, na kwamba fundi angeweza kuvijengea nyumba nzuri zaidi. Basi, fundi akavimba kichwa. Alijenga kisanduku cha zege, kina chumba na sebule, sakafu yake ya niru nyekundu, kuta laini mpaka juu. Alikipiga mwiko kama anajengea askofu. Jumatano jioni, simenti ikiwa ina siku mbili tu, vigololi vikahamishwa. Vene alipiga makofi.

Alhamisi asubuhi, mtoto akiwa bado amelala, Anord alichungulia akakuta sita vimekufa. Vingine vilikuwa chali, miguu juu. Yeye, ambaye simenti imemla vidole hadi mashine ya kusajili laini za simu ikakataa kusoma dole gumba lake, yeye ndiye aliyesahau kwamba simenti mbichi inaunguza! Alivirudisha vitano vilivyobaki kwenye ndoo.

Bi Saida alimwona akiwa amejiinamia, akauliza kulikoni, akaambiwa.

"Ndiyo unajitia simanzi kwa hilo?" alisema. "Mtoto kalala. Nenda kapekue chini ya matofali yangu, vimejaa tele. Okota sita, tia humo. Nani atajua?"

Ushauri ulikuwa mzuri, na Anord aliufuata. Aliokota sita, akasimama navyo kiganjani, vikijikunja na kujikunjua. Zimebaki siku tatu bibi aje, aliwaza. Kisha akaikumbuka ile miezi sita yake ya Mbeya. Mtoto huyu alishadanganywa sita moja, na njia ya mwongo ni fupi. Akavirudisha chini ya tofali.

Vene alitoka na maganda yake mkononi. Alihesabu, akahesabu tena.

"Fundi, vingine viko wapi?"

"Vimekufa, mama. Nimeviua mimi." Akamwonyesha vidole vyake vilivyochubuka. "Simenti ikiwa mbichi inaunguza. Nilijua, nikasahau. Nilitaka uone nyumba nzuri."

Mtoto alilia sana, na hakukubali kushikwa. Anord alikaa hapohapo chini. Kilio kilipokwisha, Vene alivishika vidole vile, akavipapasa kimoja kimoja. Kisha akapapasa sakafu ya kisanduku.

"Tena inateleza," alisema. "Kikianguka chali kitashika wapi?"

Anord alileta msumari. Wakaikwaruza niru nyekundu wote wawili, pembe kwa pembe, na kila mkwaruzo ulimuuma fundi jinoni, lakini alikwaruza. Halafu wakakizamisha kisanduku kwenye beseni la maji, ukali wa simenti utoke.

"Siku ngapi?" Vene aliuliza.

"Saba. Kila asubuhi unamwaga maji, unaweka mapya."

Jumapili bibi alifika na ndoo ya nyanya kichwani. "Kamwene," alisalimu, akaitikiwa. Jicho lake likaangukia beseni. "Fundi gani huyu anayekwaruza sakafu yake mwenyewe?" Hakungoja jibu. Alikaa kwenye kigoda, akamvuta mjukuu. "Haya, Vene. Unabaki au tunarudi Ilula?"

Anord aliangalia ukuta. Vene alijinasua, akamwaga maji ya beseni, akaanza kuchota mengine kwa jagi.

"Nakuuliza wewe, mama."

"Leo siwezi, bibi. Maji ni siku saba, bado nne. Nikienda nani atabadilisha maji? Vigololi vitaungua."

"Nani kakwambia siku saba?"

Vene alimtazama bibi yake kama mtu aliyeulizwa jambo linalojulikana na kila mtu.

"Baba," alisema, akaendelea kuchota.

Bibi Paskalina akaanza kutoa nyanya kwenye ndoo, zote, za kubaki hapo. Anord aliingia ndani kutafuta mwiko, na mwiko wenyewe ulikuwa mkononi mwake.