Nilivyompeleka Bosi Kukimbia Baharini

Jamani! Wa Gendabi, wa Nangwa, na nyie wa Nambis mnaojifanya mko mbali, sogeeni mnisikilize. Nimekosa! Nimekosa mimi, mdomo wangu, na miguu iliyoufuata mdomo. Jina sitaji, maana wanaonijua watacheka kabla ya kusoma. Kalamu ameshika mwalimu jirani yangu. Mkiona mahali maneno yamepinda, jueni hapo alikuwa anacheka.

Ni siku zile mkoa wetu wa Manyara bado mchanga, na mashirika ya serikali yanauzwa kama mbuzi wa mnadani. Mwanangu, tumwite Emanueli, alipata kazi ya kutandika vitanda kwenye hoteli moja ya ufukweni kule Unguja. Alikuwa bado kwenye majaribio. Akanitumia nauli nikaone bahari. Nikaenda. Ole wangu!

Akanilaza vyumba vya wafanyakazi, nyuma ya jiko. Akaniambia, "Baba, nakuomba kitu kimoja tu. Usiongee na wageni. Meneja akikasirika, mimi narudi kuchunga."

"Mimi niongee? Mimi ni bubu, mwanangu."

Uongo wa kwanza huo.

Siku hiyohiyo alikuwa amefika bosi mmoja kutoka Tabora na mkewe. Alikuwa mkubwa wa shirika lililouzwa. Shirika liliisha, tumbo likabaki. Jamani, tumbo! Lilikuwa linafika mezani, linaagiza chai, ndipo mwenyewe anatokea. Daktari alimwambia akimbie kila siku, la sivyo moyo utasimama. Mkewe ndiye aliyemleta kisiwani akimbilie kwenye hewa nzuri.

Sasa pa kukimbilia pako wapi? Jioni ile alijaribu barabarani, magari ya watalii yakamtupa kwenye mnazi. Akajaribu vichochoroni, mawe ya kule makali kama meno ya fisi. Ufukweni maji yalikuwa yamejaa, kamebaki kamchanga kadogo laini, kakammeza mpaka magoti. Kesho yake asubuhi akawa anazunguka ua wa hoteli kama ng'ombe anayepura ngano, mkewe kakaa barazani na kikombe cha chai.

"Hiyo siyo mbio!" mama anapiga kelele. "Hiyo ni msiba unapita!"

Mimi nachungulia jikoni, ulimi unaniwasha. Kwetu ukiona mtu anakimbia, ama ng'ombe wameibiwa, ama mama mkwe kamkuta bila shati. Huyu analipa hoteli akimbie! Nikashindwa. Nikatoka.

"Unatoka wapi, mzee?" akaniuliza. Hakuniamkia. Mimi mvi kichwa kizima, hata shikamoo hakuna! Nikamsamehe. Nikajua salamu imekwama chini ya tumbo.

"Hanang."

"Ah! Kule kwa wakimbiaji?"

"Wakimbiaji? Hao nimewafundisha mimi! Mlima Hanang nimeuzunguka na kurudi chai haijapoa. Swala nimemkimbiza mpaka akakaa chini akaomba maji."

Haki ya Mungu, mbio yangu ya mwisho nilikuwa nakimbia nyuki.

"Basi nitafutie pa kukimbilia."

Nikaangalia huku, nikaangalia kule. Nikaangalia baharini. Bahari haipo! Maji yameondoka yote, umebaki mchanga mgumu, tambarare, mpaka mbali huko kwenye miamba.

Nyie mnaolijua ziwa letu la Balangida mtanielewa. Kiangazi linakauka, linabaki jeupe kama unga, tunakatiza na ng'ombe wetu siku na siku, na maji hayarudi mpaka mvua inyeshe. Na juu angani asubuhi ile hata wingu la kufutia jasho halikuwepo!

"Bosi, uwanja ule pale. Mpaka masika ni wetu."

"Mzee, si jana jioni maji yalikuwa hapa?"

"Jua la pwani hilo! Linakausha usiku mmoja."

Hata yeye na masomo yake yote akakubali. Tukaenda. Anakimbia kidogo, anatembea sana, anacheka kama mtoto. Mbele tukakuta kina mama wamefunga khanga viunoni, wanafunga majani kwenye kamba. Mwani ule. Mimi nikaona maharage.

"Mama zangu, mnapanda kwenye chumvi? Hayaoti hayo!"

Wakaangua kicheko. Mmoja, mama mnene, akasema, "Babu, mwendapi nyie? Maji yarudi hayo."

"Yarudi kutoka wapi? Kuna mvua?"

Weee! Walicheka mpaka wakashikana. Halafu wakabeba magunia yao wakaondoka. Nikamwambia bosi, "Unaona wavivu? Asubuhi yote hii wameshafunga kazi."

Tukakaa kwenye mwamba tupumzike. Nikaanza kumpa habari ya chui niliyemshika mkia. Chui hajageuka vizuri, nasikia makalio yamelowa. Nikageuka. Hoteli imekuwa ndogo kama kiberiti, na katikati yetu na hoteli, maji.

Bosi akaniuliza taratibu, "Mzee, mvua imenyesha wapi?"

Hapo ndipo tulipokimbia, jamani! Swala wa uongo nilimpita! Maji magotini, maji kiunoni, maji kifuani. Kuogelea sijui, mimi tangu nizaliwe naogea beseni. Bosi naye hajui. Akanirukia shingoni.

"Shikamoo mzee! Shikamoo mzee wangu!"

"Marahaba! Niachie shingo!"

Nikasali sala zote, mpaka za kuombea chakula. Waliotuokoa ni yule mama mnene na wenzake. Walirudi, wakashikana mikono, wakatuburuta kama magunia ya mwani. "Haya wazee wa bara, maharage yameota?"

Ufukweni hoteli nzima imesimama. Mimi viatu vya kuazima kwa katekista vimekwenda na bahari. Meneja uso umevimba. Akauliza, "Emanueli, huyu mzee ni nani wako?"

Mwanangu angeweza kunikana. Ningekuwa mimi, ningejikana! Akainamisha kichwa. "Ni baba yangu."

Neno lile liliniuma kuliko chumvi machoni.

"Basi vua sare. Uondoke na baba yako."

Nikapiga magoti mchangani. Nikalia, mimi mtu mzima, nikamwambia kosa ni langu, mtoto alinikataza. Wapi! Meneja ameshanyoosha mkono apewe shati.

Mpaka leo Emanueli akipiga simu anaongea na mama yake tu. Nikisogea, nasikia, "Mama, mwambie baba namsalimia." Basi. Hiyo ndiyo bei ya mdomo.

Nawaonya. Ukienda kupumzika visiwani ukatamani kukimbia, uliza wenyeji, au zunguka meza. Na akitokea mtu wa kwetu akakwambia anajua uwanja mzuri, mpe chai anyamaze!

Kazi ya mwanangu ilipona, lakini si kwa machozi yangu. Shati limeshatoka mkono mmoja, mke wa bosi huyo anashuka kutoka barazani, kikombe bado mkononi. Akamtazama mumewe anavyotiririka maji, akamtazama meneja, akasema:

"Mrudishie kijana shati lake! Hii ndiyo mara ya kwanza namwona mume wangu anakimbia. Na kesho mzee ampeleke tena, ila maji yawahi kidogo!"